Chemba ya Kuonea Chembe

Shangazi yangu, dada yake baba, ni mwalimu wa fizikia, na kwake fizikia si somo, ni ugomvi. Ukimwambia glasi haina kitu, atakuuliza hewa umeipeleka wapi. Ukijitetea kwamba umesimama tu hujafanya lolote, atakujulisha kuwa unazunguka pamoja na dunia kwa kasi ambayo trafiki yeyote mwenye akili angekupigia filimbi. Baba alishajifunza kunyamaza mbele ya dada yake. Mimi ninakaa kwake, nakula kwake, na kwa kipindi kile nilikuwa nafanya kazi chini yake, kwa hiyo kunyamaza nilikuwa nimekukatia tamaa.

Kazi yenyewe ilikuwa kibarua cha msaidizi wa maabara katika shule anayofundisha. Nilikipata kwa sababu mbili. Ya kwanza, nina stashahada ya ufundi wa maabara iliyofika nusu, ile nusu ya mwanzo, ambayo kwa bahati mbaya haitolewi cheti. Ya pili, hakuna binadamu mwingine aliyekubali kupangusa mizani huku shangazi akiwa amesimama nyuma ya kisogo chake.

Maabara ile ilikuwa na meza ndefu za zege zilizopakwa rangi nyeusi, bomba za gesi ambazo tangu zifungwe hazijawahi kuonja gesi, na nusu ya chumba ilijaa viti vilivyovunjika. Viti vililetwa "kwa muda." Hicho ndicho kipimo pekee ambacho fizikia imeshindwa kukifafanua.

Kabla ya shule, shangazi alikuwa chuo kikuu, kwenye kikundi cha watafiti wa chembe. Chembe, kwa wale wenzangu tuliolala darasani, ni vile vitu vidogo kabisa ambavyo vitu vingine vyote vimeumbwa navyo. Ukijaribu kuvimega tena unabaki umeshika vidole vyako. Kazi yake ilikuwa kusoma nyayo za chembe zinazoshuka kutoka angani. Wanasema alikuwa na jicho la mwewe. Halafu bibi akapata kiharusi. Ndugu wakakaa kikao, baba yangu akiwemo, wakaangaliana, wakagundua kwamba kila mmoja wao ana kazi. Shangazi alikuwa na "masomo" tu. Basi akaitwa nyumbani kumuuguza mama yake kwa mwaka mmoja. Bibi, Mungu amlaze pema, alikuwa mkaidi hata kwa kifo. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na shangazi alipoinua kichwa, kiti chake chuoni kilikuwa kimeota makalio ya mtu mwingine. Yule kijana aliyekuwa akikaa meza ya jirani yake sasa ni Profesa.

Habari hiyo shangazi haizungumzii. Anazungumzia kila kitu kingine kwa sauti ya mtu anayeizungumzia hiyo.

Jumapili moja alikuwa anasahihisha madaftari, simu ikalia, akaiweka kwenye kipaza ili mikono iendelee kugawa sifuri.

"Dada! Bado uko hai?" Alikuwa Profesa.

"Kama siko hai, wewe umempigia nani?"

Profesa akacheka kicheko cha mtu aliyezoea kuchekewa yeye. Akaeleza. Kikundi chao kimeunda vigunduzi vidogo, kila kimoja ukubwa wa sanduku la viatu, vya kuwekwa mashuleni. Kigunduzi kinakaa pale usiku na mchana kikihesabu chembe zinazoitwa myuoni, zinazotunyeshea kutoka juu bila kukoma, na hesabu zote zinaingia kwenye utafiti wa chuo. Mwalimu anayekitunza anaingia kwenye utafiti pamoja nao. Anaingia kama mtafiti, na jina lake linaandikwa pamoja na ya wengine.

"Kimebaki kimoja," Profesa akasema. "Shule mbili zinakitaka. Nitakuja Alhamisi na wenzangu wawili. Nataka nikute wanafunzi wako wameunda chemba ya wingu kwa mikono yao, na wanajua wanachokitazama. Kama wanajua, kigunduzi ni chenu. Barafu kavu nitakuja nayo mwenyewe, huko kwenu hampati."

"Nitaangalia ratiba," akasema shangazi, akakata simu.

Kisha akaenda jikoni akaanza kuosha sufuria.

"Shangazi, hizo ni safi."

"Kwa macho yako," akasema, akamwaga sabuni nyingine.

Hapo ndipo nilipojua kwamba jambo hili linamkaba roho.

Sasa nieleze hiyo chemba ya wingu, maana bila kuijua hutaelewa ujinga uliofuata. Ni kisanduku cha kioo tu. Juu unaweka kitambaa kilicholoweshwa spiriti, chini unaweka bati jeusi lililolazwa juu ya barafu kavu, ile barafu yenye baridi kali kuliko barafu ya kawaida, ambayo haiyeyuki kuwa maji bali inatoweka hewani kama mchumba aliyetajiwa tarehe ya posa. Mvuke wa spiriti ukishuka kwenye baridi unataka kugeuka matone lakini haujui uanzie wapi. Chembe ikipita, inauonyesha: matone yanajipanga pale ilipopita, na wewe uliyekodoa macho unaona kistari cheupe, kama mkia wa moshi nyuma ya ndege. Ndiyo hivyo. Chembe yenyewe huioni. Unaona alikopita mgeni.

Tangi la samaki shangazi alikuwa nalo. Samaki walikufa zamani, kwa maelezo yake "kwa uzembe wao." Kilichokosekana ni fundi wa kukata kioo kipya cha ubavu uliopasuka na kupiga bati. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi akamtafuta mkuu wa shule.

Mkuu wa shule wanafunzi walimwita Kipaza, kwa sababu hata akikunong'oneza siri, kidato cha kwanza wanaisikia. Alikuwa mtu mwema, tatizo lake aliamini kila jambo zuri shuleni ni wazo lake ambalo mtu mwingine amelichelewesha. Asubuhi ile tulimkuta nje ya vyoo vya wanafunzi, amekunja suruali hadi magotini, uso umekunjamana zaidi ya suruali. Vyoo vilikuwa vimeziba. Vilikuwa vimeziba muda mrefu kiasi kwamba ilishakuwa sehemu ya anwani: ukiuliza maabara iko wapi, unaambiwa fuata pua.

"Mkuu," shangazi akasema, "Alhamisi tuna wageni kutoka chuo kikuu. Naomba fundi. Nahitaji chemba."

Kipaza akageuka taratibu, macho yakamjaa unyevu.

"Mwalimu! Walimu wote wanapita hapa wameziba pua na midomo. Wewe peke yako umekuja na suluhisho! Chemba utapata."

"Iwe karibu na maabara. Wanafunzi watakuwa wanaitazama."

"Hata mlangoni pa maabara, Mwalimu! Hata mlangoni!"

Tuliondoka shangazi akiwa ananitazama kwa wasiwasi. "Amekubali bila kuunda kamati," akasema. "Au anaumwa?"

Mchana ule ule fundi akaja maabara. Mtu wa mabega mapana, futi ya kupimia imening'inia kiunoni, penseli sikioni. Mimi nilikuwa kwenye sinki naosha vioo vya majaribio, nikasikia yote.

"Shikamoo, mama. Mkuu amenituma. Mimi ndiye fundi wa chemba."

"Marahaba, karibu. Umefika haraka, sijazoea."

"Unaitaka ya mviringo au ya pembe nne?"

"Ya pembe nne. Na iwe ya kioo pande zote."

Fundi akatoa penseli sikioni, akairudisha. "Ya kioo?"

"Sasa watoto wataonaje ndani?"

"Wanataka kuona ndani?"

"Ndiyo lengo lenyewe, baba. Watakaa kuizunguka, tutazima taa, halafu tutamulika kwa tochi kutoka ubavuni ili chembechembe zikipita wazione vizuri."

"Zitapita, mama," fundi akasema kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa. "Hilo sina shaka nalo."

"Nyingine nene na fupi, nyingine nyembamba na ndefu. Nataka wajue kuzitofautisha."

Fundi akaigusa tena penseli yake. "Mama, kazi hii nimeirithi kwa baba yangu. Sijawahi kukutana na mteja anayezipenda hivi."

"Ukizijua utazipenda."

"Nazijua, mama. Nazijua sana."

Mimi kwenye sinki nilikuwa nimeacha kuosha. Kulikuwa na kitu hakikai sawa, lakini sikukipata mpaka fundi alipofungua futi yake na kuuliza, "Sasa bomba la kuzileta liwe inchi ngapi? Wanafunzi ni wengi."

"Bomba la nini? Zinatoka angani!"

Fundi akaangalia dari. Akarudi nyuma hatua moja.

"Shangazi," nikasema, "huyu bwana ni wa vyoo."

Shangazi akikasirika hapigi kelele. Anafunika kalamu. Ile kalamu nyekundu ikasema tik, na fundi, ambaye hakuwa anamjua, alielewa kama mimi. Akakusanya futi yake. Mlangoni akajitetea kidogo: "Mama, chemba ni chemba. Kazi yake ni hiyo hiyo, vitu vipite mtu aone."

Tukamfuata Kipaza ofisini. Shangazi akamweleza, kwa sentensi fupifupi, tofauti kati ya chemba ya wingu na chemba ya maji taka, na kwamba yeye anachotaka ni kuona chembe.

"Chembe, chemba," Kipaza akasema, akatandaza mikono. "Mwalimu, ni herufi moja tu hiyo."

"Hata baba na bata ni herufi moja, Mkuu. Jaribu kuwabadilisha nyumbani kwako."

"Usikasirike. Tatizo nimeshampigia mwenyekiti wa bodi. Nimemwambia mwalimu wa fizikia amebuni chemba. Amefurahi mno. Amesema atakuja Alhamisi kuizindua mbele ya wageni wako."

"Wageni wangu wanakuja kuangalia miale ya angani."

"Wataangalia vyote! Mgeni haji kuangalia kitu kimoja."

Kufikia Jumanne shimo la ile chemba ya vyoo, pamoja na mtaro wa bomba lake, lilikuwa mbele ya mlango wa maabara, kwa sababu si tuliomba wenyewe? Tukawekewa mbao mbili za kuvukia. Udongo wake ukarundikwa chini ya madirisha, na kwa kuwa bomba la zamani lilikuwa limefunguliwa ili liunganishwe, harufu ambayo mwanzo ilikuwa jirani yetu sasa ikahamia rasmi. Bati nililipiga mimi, na kioo cha ubavu nikakikata mimi kwa chombo cha kuazima, na nilivunja viwili kabla ya cha tatu kutii. Kwa kila kilichovunjika shangazi alisema "Hongera."

Jioni, baada ya vipindi, walibaki wanafunzi wachache wa kidato cha tatu kuiunganisha chemba yetu. Miongoni mwao alikuwepo binti mmoja waliyemwita Mbishi, na jina hilo hakupewa kwa upendeleo. Nilifikiri shangazi atawapa maelezo wayakariri, maana siku zenyewe zilikuwa hazitoshi hata kuchemsha chai. Wapi. Aliwawekea tangi mbele yao akakaa.

"Chembe hizi zinapita kwenye miili yenu sasa hivi," akasema. "Haya, ulizeni."

"Zinapita bila kubisha hodi?" mmoja akauliza.

"Bila hodi."

"Mbona hatusikii?"

"Zinaogopa harufu," Mbishi akasema, wakacheka wote isipokuwa shangazi.

"Hilo ni jibu. Utalipimaje?"

Na Mbishi, ambaye alikuwa anatania tu, akajikuta anahojiwa kuhusu utani wake mpaka akaanza kuchora jaribio ubaoni. Walibishana mpaka mlinzi akaja kupiga funguo zake kwenye nguzo. Nilichoka mimi, wao hawakuchoka. Mwalimu wa taaluma alipita akachungulia dirishani, mkono puani.

"Mwalimu, hiyo inatoka kwenye mtihani?"

"Haitoki," shangazi akajibu bila kugeuka. "Inatoka angani."

Jambo moja tu lilimkosesha usingizi: hakukuwa na namna ya kufanya majaribio. Bila barafu kavu, lile lilikuwa tangi la samaki lenye kitambaa. Angeiona chemba ikifanya kazi siku ile ile, mbele ya watu wale wale, au isifanye kazi kabisa. Yeye mwenyewe hakuwa ameona mstari wa chembe tangu aondoke chuoni. Nilimsikia akijisemea jikoni, "Na kama jicho limekufa?" Nikajifanya natafuta kijiko.

Alhamisi wageni wakaja. Profesa alishuka garini akiwa mfupi kuliko sauti yake ya kwenye simu, ameshika mwenyewe boksi jeupe la kuhifadhia baridi. Pembeni mwa mfuniko ulikuwa unatoka moshi mwepesi unaoelekea chini. Shangazi akaangalia boksi kabla ya kumwangalia Profesa.

"Safari ilikuwa ndefu," Profesa akasema, "kwa hiyo imepungua. Tuanze mara moja."

"Tuanze mara moja!" Kipaza akarudia kwa furaha, akatuongoza kwenye viti vilivyopangwa uwanjani.

Nani hajui maana ya "mara moja" pale penye viti vilivyopangwa? Walimu wakatambulishwa mmoja mmoja, kuanzia wa lugha mpaka wa zamu. Wa zamu akatambulishwa mara mbili kwa sababu alikuwa pia wa michezo. Wajumbe wa bodi wakatambulishwa, na waliokosa kuja nao wakatambulishwa. Mwenyekiti wa bodi akapewa nafasi ya kusema machache, akaanza na historia ya ardhi ya shule. Boksi lilikuwa miguuni kwa Profesa, linapumua moshi wake kidogo kidogo, na shangazi alikuwa anautazama moshi ule kama mtu anavyotazama gari lililompita kituoni.

Kisha wote wakaombwa kuinuka kwenda kuzindua chemba.

Nisimdhulumu Kipaza. Vyoo vilikuwa vimezibuka kweli, maji yalikuwa yanateremka kwa heshima zote, na fundi alikuwa amesimama pembeni ya mfuniko mpya wa zege amevaa shati safi. Wanafunzi walipiga makofi ya dhati. Hakuna anayejua thamani ya choo kama aliyekaa bila choo. Mmoja wa wale watafiti alipewa koleo la kuinulia mfuniko, akainua, akachungulia, akasema "Vizuri sana" kwa pumzi moja aliyokuwa ameitunza. Kipaza akasafisha koo.

"Ndugu wageni, chemba hii ina historia ndefu..."

"Mkuu," shangazi akasema.

"Subiri, Mwalimu, nafika kwako."

"Ukifika hutakuta hata maji."

"Maji yapo, yanatiririka vizuri..."

"Barafu, Mkuu!" Hapo sauti yake ilipasuka, na sijawahi kuisikia hivyo tena. "Barafu inakufa ndani ya boksi wakati tunasifia maji taka! Nimesubiri siku hii tangu huyu mtoto wa kaka yangu hajaota meno. Profesa, nifuate. Wanafunzi, ndani!"

Akavuka mtaro wa bomba, uliokuwa bado wazi, kwa zile mbao mbili bila kuangalia chini. Profesa akamfuata kwa mwendo wa mtu aliyeokolewa. Sisi sote nyuma, na Kipaza nyuma yetu, akisema kwamba ratiba ni ratiba.

Ndani ya boksi vilikuwa vimebaki vipande vichache vya kujaza sinia moja. Mara moja tu. Shangazi akavaa glavu, akavipanga, akalaza bati, akageuza tangi juu yake. Madirisha tulikuwa tumeyaziba kwa mablanketi ya bweni. Taa zikazimwa, tochi ikawashwa ubavuni, na kilichosikika ni watu wengi wakipumua kwa mdomo kwa sababu ya pua.

Tukasubiri. Ukungu ukaanza kutulia chini, mwembamba, kama vumbi linalokaa baada ya kufagiwa.

Mlango ukafunguka. Kipaza alikuwa amepigiwa simu akatoka kuipokea, na mwanga wote wa mchana ukaingia pamoja na joto na harufu.

"Mwalimu, wingu limevurugika," Mbishi akasema.

Tukasubiri tena. Kipaza akarudi, mlango ukafunguka, mwanga, joto, harufu. "Samahanini, ilikuwa ofisi ya elimu." Tukasubiri tena. Mmoja wa wageni akaangalia saa yake, ile inayowaka. Kwenye sinia nilisikia barafu ikitoa mlio mwembamba, na nilijua, na shangazi alijua, kwamba huo ni mlio wa kuaga.

"Mkuu," shangazi akasema gizani, taratibu kabisa. "Simu yako inaita."

"Haijaita."

"Itaita."

Na ikaita, wallahi. Kipaza akafungua mlango, akatoka, na nyuma yake nikasikia ufunguo ukizunguka kwenye kitasa. Mizunguko miwili.

 Profesa alikohoa, lakini kilikuwa kikohozi cha kuunga mkono.

Ukungu ukatulia. Nje Kipaza akaanza kugonga, kwanza kwa vidole. Halafu, kwenye weusi wa bati, bila sauti yoyote, kistari cheupe kikajichora kutoka pembe hadi pembe, kikanyooka, kikafifia. Nikadhani ni macho yangu. Kikaja kingine kifupi, kinene. Kingine kikajipinda. Kingine. Wanafunzi wakaacha hata kupumua.

"Imepita!" mmoja akanong'ona. "Mwalimu, imepita!"

Nikamtafuta shangazi kwa mwanga wa tochi. Alikuwa ameinama mpaka paji la uso linakaribia kugusa kioo, miwani ameishika mkononi, na midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Alikuwa anazitaja. Kila iliyopita aliitaja.

"Wewe," Profesa akamwambia Mbishi, "huo mstari mrefu ni nini?"

"Sijui."

 Huko nje mlango ulikuwa unagongwa kwa ngumi sasa.

"Hujui?"

"Najua si chembe ya alfa, maana mistari ya alfa ni mifupi na minene. Na elektroni kama hizi ndogo ingeyumba njiani kama mlevi. Hii imekuja moja kwa moja. Inafanana na myuoni. Lakini kusema ni myuoni ningetaka kujua imepenya nini kabla ya kufika hapa, maana myuoni hupenya hata mwamba, na sisi juu yetu tuna dari tu. Kwa hiyo sijui." Akafikiri kidogo. "Tungekuwa na kigunduzi tungejua zaidi."

Mmoja wa watafiti akacheka peke yake gizani. Profesa akainuka, akanyoosha mgongo.

"Dada, watoto wote nilioongea nao mwaka huu wananijibu 'myuoni' kabla sijamaliza swali. Huyu umemfundisha kusema hajui."

"Kwa taabu," shangazi akasema. "Shule nzima inamfundisha kusema ndiyo."

"Kigunduzi kinakuja hapa. Wiki ijayo." Akatoa simu yake ili aandike. "Jina lako kwenye utafiti, niliandikeje?"

 Shangazi alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena.

"Liandike vizuri," akasema. "Ulikuwa na mwandiko mbaya sana."

Barafu iliisha muda mfupi baadaye, ukungu ukawa hewa, na hapo ndipo alipoenda kufungua mlango. Kipaza alikuwa amesimama kwenye mbao, mwenyekiti wa bodi nyuma yake, fundi nyuma ya mwenyekiti, wote wamenyamaza. Sijawahi kumsikia Kipaza amenyamaza, kabla ya hapo wala baadaye. Shangazi akawaambia, "Karibuni, tumemaliza," kwa ukarimu wote.

Kesho yake akapewa barua. Ilimtaka ajieleze kwa maandishi kwa nini alimfungia nje mkuu wa shule katika shule ya mkuu wa shule. Mimi nilishauri aandike neno moja, samahani, akunje, apeleke, maisha yaendelee. Kigunduzi si kinakuja?

"Samahani si maelezo," akasema. "Wametaka maelezo."

Kwa hiyo baada ya chakula akafuta meza, akachukua karatasi ya grafu, akaanza kujieleza. Alichora maabara kutoka juu. Mlango akauita A, tangi akaliita B, Mkuu akamwita C. Akaonyesha kwa mishale hewa ya joto inavyoingia C anapotoka, na inavyoingia tena C anaporudi, na muda ambao wingu linahitaji ili kutulia kila mara. Ilikuwa kazi safi, nakiri, ingawa ilikuwa pia njia ya uhakika ya kupewa barua ya pili.

"Upana wa Mkuu," akaniuliza bila kuinua kichwa, "mabegani, ungeukadiria kiasi gani?"

"Wa nini tena, shangazi?"

"Alipoingia alisukuma hewa mbele yake. Sitaki hesabu yenye mapengo."

Nikampa makadirio yangu. Akaandika.

"Usisahau tumbo," nikasema.

"Tumbo nimeliweka tangu mwanzo," akasema, akageuza karatasi upande wa pili, kwa sababu upande wa kwanza ulikuwa umeshajaa.